Mashine Iliyofukizwa Udi

Iko siku moja ambayo hunirudia nzima nzima kila nikisikia harufu ya udi, pamoja na aibu yake, nami hucheka peke yangu hata kama nimesimama kwenye foleni ya benki. Nakusimulia, mwanangu Rehema, kwa sababu wiki ijayo unaingia chuo kikuu, na baba yako amenipigia simu kunikumbusha kwamba mimi ni shangazi yako, ssenga wako, na kwamba binti wa ukoo wetu haondoki nyumbani kabla ssenga hajamkalisha akampa maneno.

Nilimwambia baba yako kwamba nina miaka thelathini na mmoja na sina hata unywele mmoja mweupe, na kwamba nasaha ni kitu mtu anachotoa akikosa zawadi. Akaniambia, "Ukimaliza kubishana, mwandikie." Basi nakuandikia. Ukiona nakuita mwanangu, vumilia. Kwa umri ningekuwa dada yako, lakini ukoo hauombi maoni ya mtu.

Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni, nikisomea mambo ya mazingira, nilikuwa mtu wa kuuliza. Kuuliza si ujinga, wanasema, nami niliyachukua maneno hayo kama leseni. Mhadhiri akitaja namba, niliuliza imetoka wapi. Shehe akisimulia kisa, niliuliza nani alikuwepo. Habuba, bibi yetu unayemjua, alinionya siku moja kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia kwamba mtu pekee aliyevunjika guu katika familia yetu ni babu sajenti, na alivunjika kwa kusikia la mkuu, maana kamanda wake ndiye aliyemwamuru aruke kutoka kwenye lori. Habuba alinitazama kama anavyotazama maziwa yanayotaka kufurika jikoni, akaendelea na shughuli zake.

Wakati huo ndipo kampuni moja ilipotaka kujenga kituo cha kufua umeme kwa makaa ya mawe pale ufukweni mwa ziwa, chini ya kilima chetu cha Mbuya. Makaa yangeletwa kwa treni, maji ya kupoza mitambo yangevutwa ziwani na kurudishwa ziwani yakiwa ya moto, na moshi ungetoka kwenye bomba refu kuliko mnara wa msikiti wowote unaoujua. Walituahidi umeme usiokatika. Sikatai, umeme tunautaka sote. Mimi mwenyewe nilikuwa nikinyoosha nguo kwa pasi ya mkaa siku mbili kwa wiki. Lakini upepo wa mchana pale hutoka ziwani na kupanda kilimani, na kabla haujapanda kilimani hupita kwanza kwa Mama Akello.

Mama Akello alikuwa mjane wa polisi, mtu wa kaskazini, mrefu na mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya ghuba. Kazi yake ilikuwa kuanika mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu alizozitandaza kwenye vichanja. Alinieleza kazi hiyo mara moja tu na sikuisahau. Mukene safi huliwa na watu. Mukene wenye mchanga, au chembe za kitu chochote kile, mnunuzi huwasugua kwa vidole, hutema mate kando, kisha huwanunua kwa bei ya chakula cha kuku. Kwa vidole hivyo viwili vya mnunuzi Mama Akello alisomesha watoto wanne. Majivu ya makaa ya mawe yakianza kuanguka kwenye vichanja vyake, kazi imekwisha. Hakuhitaji ripoti yoyote kulijua hilo.

Lakini serikali ilihitaji. Sheria inataka hewa ipimwe kabla ya kujengwa kitu, ili baadaye ijulikane kilichoongezeka. Kampuni ilikuwa imeshapima ya kwake na kuandika kitabu kizito. Wakazi wa ufukweni walikuwa na kamati, Mama Akello akiwa mwenyekiti, ila hawakuwa na mtu wa kukisoma kitabu kile wala wa kuwapimia hewa yao wenyewe. Wakanitafuta mimi, mjukuu wa sajenti, binti msomi. Nilijiona nimevikwa nyota begani.

Mhadhiri wangu, yule niliyemsumbua kuhusu namba zake, aliniazima mashine. Ilikuwa kisanduku cheupe, ukubwa wa mkate, kinachovuta hewa na kuhesabu vumbi laini, lile lisiloonekana ambalo hushuka mpaka ndani ya mapafu. Alinipa na karatasi ya maelekezo: niiweke ufukweni, kwa majuma mawili, mbali na moshi wa jikoni.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Ufukweni sikuiweka, kwa sababu niliogopa itaibiwa, na pia, nikisema kweli, kwa sababu majuma yale mawili ndiyo yaliyokuwa ya harusi ya binamu yetu Mariam, na sikutaka kushuka kilima kila siku kuikagua. Nikaitundika uani kwa Habuba. Nilijiambia kuwa upepo ni ule ule, na kwamba mdomo wa Habuba ni kufuli bora kuliko zote Kampala. Kuhusu jikoni nilikuwa makini. Nilihesabu hatua kutoka mlango wa jiko mpaka kamba ya nguo, nikaandika kwenye daftari, nikapiga na picha.

Habuba alikizunguka kile kisanduku kikilia taratibu kama paka aliyeshiba. Akaniuliza kinafanya nini.

"Kinanusa hewa, Habuba."

"Peke yake?"

"Peke yake. Usiku na mchana."

Akatikisa kichwa kwa heshima, nami nikaingia ndani kujaribu viatu.

Wewe umekulia katika nyumba ile, mwanangu, kwa hiyo huenda umeshaanza kucheka. Unajua kwamba kwa Habuba mgeni hapewi hata maji kabla ya kupitishiwa chetezo cha udi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Naye amejiwa na mgeni kutoka chuo kikuu ambaye hali, hanywi, haongei, kazi yake duniani ni kunusa. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Habuba alifanya kama alivyofundishwa na mama yake. Kila siku baada ya sala ya alfajiri, na tena baada ya sala ya alasiri, alijaza makaa kwenye chetezo, akatia udi ule wake mzuri uliokaa sandukuni kwa ajili ya harusi, akakiweka juu ya kigoda chini ya kisanduku, akaondoka kwa adabu ili mgeni anuse kwa raha zake.

Na si hicho tu. Mita chache kutoka hapo, nyuma ya pazia la mikeka, Mariam alikuwa akifukizwa kama bibi harusi wa Kinubi anavyofukizwa, amejifunika blanketi juu ya kishimo chenye magogo ya kunukia yanayofuka polepole, siku baada ya siku, mpaka ngozi ikachukua rangi ya asali.

Nilipita hapo mara ishirini kwa siku. Niliona chetezo. Nilisalimia, nikapunga moshi kwa mkono uniingie kwenye nguo, nikaenda zangu. Usiniulize kwa nini sikushtuka, maana nimejiuliza miaka tisa. Jibu nililolipata ni hili: kwangu mimi moshi ulikuwa kitu cha viwanda, cha malori, na cha majiko ya watu wengine. Udi haukuwa moshi. Udi ulikuwa harufu ya nyumbani.

Majuma mawili yalipokwisha nilichukua takwimu nikazichora. Mwanangu, mistari ilipanda kama kilima cha Mbuya chenyewe, mara mbili kila siku, na Jumamosi ya harusi ikapanda mara tatu. Nilifurahi kama mtu aliyeokota almasi. Nilijiambia, watu hawa wanateseka tayari, nani atathubutu kuwaongezea moshi mwingine? Kwa nini inapanda alfajiri na alasiri? Nikabuni jibu papo hapo, kwamba ni malori yanayoingia na kutoka mjini. Malori, mwanangu, yanayoswali kwa wakati. Mimi niliyekuwa nauliza shehe maswali sikujiuliza hilo.

Nikaiandika ripoti kwa lugha nzito, nikaituma serikalini, nikatuma na nakala kwa mshauri wa kampuni kama ilivyotakiwa. Mshauri yule alinijibu siku hiyo hiyo. Alinishukuru kwa kazi ya kitaalamu na kuniambia kampuni inahitaji vijana kama mimi. Nilimsomea Habuba barua ile kwa sauti. Adui akikusifu, wazee wanasema, tazama ulichokanyaga. Mimi nilitafuta fremu.

Siku mbili kabla ya kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi nilishuka ufukweni kuionyesha kamati matunda yangu. Mama Akello alikuwa akigeuza mukene kwa reki. Hakuacha kazi. Nilimweleza mchoro wote, kilele hadi kilele, na aliponiuliza maana yake nikamwambia kwamba hewa yetu ni chafu kupita kiasi.

Akasimamisha reki. "Leo? Kabla hawajajenga?"

"Ndiyo, mama. Leo."

"Basi yule mwanamume wa kampuni atasema nini, nyabo? Atasema chungu iko nyeusi tayari, yeye anaongeza masizi kidogo tu, hakuna mtu ataona. Hiyo karatasi yako ataibusu."

 Nilikumbuka barua ya shukrani. Kabla sijasema neno akaniuliza hiyo mashine nililaza wapi, maana yeye alikuwa akiisubiri kwenye vichanja vyake na hakuiona. Nikamwambia kwa bibi yangu.

"Bibi yako mwenye harusi? Ile nyumba nililetea mukene, mimi nikanukia udi mpaka basi lote likaniuliza naolewa na nani?"

Wanakamati wakaanza kucheka, akacheka na yeye, akafuta macho kwa kanga. Kisha akaacha. Akatazama vichanja vyake vyote, mstari kwa mstari, vikimetameta kama fedha juani, akarudia reki yake. Mtazamo ule ulinichoma kuliko matusi. Nilipanda kilima nikiwa nimebeba ripoti yangu kama mtoto mchafu asiye na mama.

Nilimkuta Habuba uani, nikamwaga yote. Nilimwambia kazi imeharibika, watu wa ufukweni watapoteza riziki, na yote hayo ni kwa sababu ya chetezo chake. Ninaona haya kuandika kwamba nilisema "chetezo chako". Nyani haoni kundule.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia maneno ambayo ndiyo sababu ya barua hii yote. Nayaandika kama alivyosema, kwa Kiswahili chake cha kambini, ambamo "nasimamisha" ni wewe unayesimamisha.

"Binti, wewe ni kama askari wa kizuizi. Gari ya kila mtu nasimamisha. Ya shehe, ya mwalimu, ya mimi. Nafungua buti, namwaga mizigo barabarani, natafuta. Ni sawa, kizuizi ni kazi. Lakini gari yako ikifika, wewe mwenyewe unajipigia saluti, napita."

 Akaongeza, kwa upole zaidi, kwamba amekaa katika uwanja ule miaka hamsini, kwamba majuma mawili mfululizo alimfukiza mgeni wangu mbele ya macho yangu, na kwamba katika maswali yangu yote ya dunia nzima sikumwuliza hata moja: Habuba, hapa kuna moshi gani?

"Sasa tutafanya nini?" nikauliza.

"Hilo ndilo swali la kwanza zuri," akasema, akaenda kutafuta shuka yake ya kutokea.

Kikao kilifanyika chini ya hema, ufukweni. Aliyekiongoza alikuwa mama mmoja wa serikali, mwenye miwani na subira ya mkunga. Mambo yalikuwa kama alivyotabiri Mama Akello. Mshauri wa kampuni, kijana mtanashati mwenye viatu vya ncha, alitundika mchoro wangu, ule ule, nembo ya chuo ikiwa juu, akasema kwamba hata wakazi wenyewe wamethibitisha kuwa hewa ya hapa imeshachafuka, na kituo kitaongeza kiasi kidogo kisichofaa hata kuhesabiwa. Akanitafuta kwa macho akaniinamia kidogo, kwa shukrani.

Mficha uchi hazai. Nikasimama. Miguu haikutaka lakini nilisimama. Nikasema mchoro ule ni wangu na ni wa uongo. Kwamba mashine ilisema kweli, ila mimi niliitundika mahali pasipostahili. Na kwamba kilichopimwa pale si hewa ya ufukweni bali ni udi wa bibi yangu. Kicheko kilichopita chini ya hema kilianzia mbele kikaenda nyuma, kikarudi mbele. Mama mwenye miwani akagonga meza, akaniuliza kama nina ushahidi, maana mtu yeyote anaweza kukana takwimu zisipompendeza.

Sikuwa nao. Ushahidi ulikuwa umekaa safu ya tatu, umevaa shuka ya zambarau, na kikapu mapajani. Habuba aliinuka, akatoa chetezo kikapuni, akakiweka mezani mbele ya serikali.

"Mimi ndiye nilimfukiza mgeni," akasema.

"Mgeni gani, jjajja?"

"Ile kisanduku. Alikuja kunusa. Nilimpa ya kunusa. Baada ya alfajiri na baada ya alasiri, kila siku, bila kukosa. Jumamosi ya harusi nikaongeza adhuhuri, kwa sababu watu walikuwa wengi, sikutaka aone tumemsahau."

Mama yule akavua miwani, akaivaa tena, akausogelea mchoro. Akafuatisha mistari kwa kidole. Alfajiri, kilele. Alasiri, kilele. Jumamosi, vitatu. Alifika mwisho wa karatasi midomo ikimcheza kwa kuzuia kicheko. Nimesoma takwimu nyingi tangu siku ile, mwanangu, na sijaona zilizothibitishwa safi namna hiyo.

Halafu akamgeukia mshauri, na hapo kicheko kikamtoka usoni. Akamwuliza, kwa kuwa yeye ni mtaalamu na alishindwa kutofautisha udi na hewa ya mtaa, je, mashine ya kampuni yenyewe ilitundikwa wapi? Kijana akafungua kitabu kizito, akafunua, akafunua tena. Akataja mahali. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa: ni pale kwenye kona ya barabara kuu, malori yanapobadilisha gia kupanda kilima.

Zamu hii watu hawakucheka. Mama Akello alisimama, akasema kwa sauti ile ya kuita ng'ambo ya ghuba kwamba vichanja vyake havipo barabarani, viko pale, mita thelathini kutoka hemani, na mwenye kutaka kujua hewa yake aje aipime hapo.

Ndivyo ilivyoamuliwa. Kikao kikaahirishwa, mashine zikawekwa kwenye vichanja vya mukene, mbele ya pande zote mbili, na mistari ikalala chini kama ziwa lisilo na upepo. Kibali hakijatoka mpaka leo. Sikwambii kwamba hakitatoka. Kampuni ina subira na ina makaa. Lakini kikitoka, kila mtu atajua majivu yalikuta nini, na Mama Akello bado anauza kwa watu, si kwa kuku. Habuba alipoambiwa mashine imehamia ufukweni aliuliza swali moja tu: nani anamkaribisha huko? Ilibidi nimzuie mlangoni, kikapu kikiwa tayari mkononi.

Haya, baba yako anataka maneno yenyewe. Ni machache. Uliza, mwanangu. Mtu asikutishe kwamba maswali ni utovu wa adabu. Wanaosema hivyo mara nyingi wameweka mashine zao kando ya barabara. Lakini jibu likikupendeza sana, hilo ndilo la kulisimamisha kwanza. Kitu ulichokizoea mpaka hukioni tena, hicho ndicho ukinuse. Na kabla ya kupima nyumba ya watu, muulize mwenye nyumba. Ataona umempa heshima, na atakuokoa na aibu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini ukishajikwaa ulimi, usimame useme mbele ya wale wale uliowapotosha. Nilidhani siku ile wangeniona mjinga. Waliniona, ni kweli. Kisha wakaniamini, na sijawahi kuaminiwa hivyo kabla ya hapo.

Habuba amekufungia chetezo chini ya mashuka kwenye sanduku lako. Hosteli hawaruhusu moto. Usimwambie.

Nenda salama. Mungu akupe walimu wanaostahimili maswali. Akupe mtu mmoja atakayekusimamisha kizuizini, akakufungulia buti bila kukuogopa. Na akikuta mle ndani kitu cha aibu, Mungu akupe miguu ya kusimama na kusema ni chako. Dua haina mashine ya kuipima, hilo nimelichunguza. Ipokee hivyo hivyo.